Muhogo wa Amani na Mipango ya Baada ya 2030

Mkakati wa CGIAR, muungano wa kimataifa wa vituo vya utafiti wa kilimo ulioundwa mwaka 1971, unafikia ukomo mwaka 2030. Bila shaka mkakati utakaoufuata utapangwa, kama ilivyo desturi, kwa kipimo cha miradi ya miaka mitatu au mitano. Kabla haujaandikwa, yafaa wapangaji waitazame habari ya muhogo katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga.

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wakati wa utawala wa Waingereza, katika miaka ya 1930, mtaalamu H. H. Storey na wenzake walikabili maradhi mawili ya muhogo: batobato, na michirizi ya kahawia ambayo Storey aliieleza mwaka 1936. Kinga waliitafuta kwa jamaa ya muhogo, yaani ule mpira ulioletwa kwa ajili ya mashamba ya Wajerumani, ambao watu wa pwani waujua zaidi kwa kisamvu chake. Chotara wa kwanza walistahimili maradhi, lakini mizizi yao haikufaa. Ikabidi wachanganywe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hata mara tatu. Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka 20, ikakomeshwa mwaka 1957.

Mkaguzi wa mradi angaliandika kwamba shughuli imekwisha. Kumbe mbegu zilikwisha kupelekwa Nigeria, na huko ukapatikana mmea uliopewa namba 58308. Taasisi ya IITA ya Ibadan, ambayo ni mojawapo ya vituo vya CGIAR, iliutumia katika miaka ya 1970 kuzalisha aina zinazostahimili batobato. Baadhi ya aina hizo zilirudi Afrika Mashariki, zikapandwa Uganda wakati batobato kali ilipoteketeza mashamba katika miaka ya 1990. Kutoka Amani hadi chungu cha Mganda ilipita miaka 60.

Habari ya michirizi ya kahawia inasikitisha zaidi. Aina ya Amani yenye namba 46106/27 ilijulikana pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso, na kusini mwa Tanzania wakulima waliilima Namikonga. Uchunguzi wa vinasaba katika karne hii ndio ulioonyesha kwamba hizo mbili ni mmea mmoja. Tangu mwaka 2004, ugonjwa ulipojitokeza Uganda, mbali na nyanda za chini zilizodhaniwa kuwa ndiyo makao yake, wazalishaji wa mbegu wameitegemea Namikonga kama chimbuko la kinga. Asili yake ilikuwa imesahauliwa. Wakulima ndio walioihifadhi, pasipo mshahara wala maagizo.

Amani yenyewe ilikwisha kubadilika. Utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ukapelekwa Nairobi mwaka 1950, kituo kikapewa kazi ya malaria. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na taasisi za pamoja zikagawanyika.

Watakuwapo watakaojibu kwamba Ibadan kuna hazina kubwa ya mbegu, na kwamba elimu ya vinasaba imefupisha safari. Ni kweli kwa kiasi. Lakini vinasaba vya Namikonga vilichunguzwa kwa sababu mmea ulikuwapo shambani, na kinga dhidi ya michirizi ya kahawia hujaribiwa mahali ambapo inzi weupe na ugonjwa vipo mwaka hata mwaka, kama ilivyo katika ukanda huu wa pwani.

Kwa hiyo mkakati mpya hauna budi kutenga fungu lisilofungamana na miradi, kwa ajili ya mashamba ya majaribio ya muda mrefu, mojawapo katika nchi tambarare ya Muheza. Gharama yake ni mishahara ya watu wachache, majembe, na daftari linalojazwa kila msimu. Tena iandikwe humo, kabla fedha za kwanza hazijatolewa, ni nani atakayepokea vipando na madaftari hayo siku mfadhili atakapoondoka.