Usiweke shada mlangoni, weka kata!

Leo sina habari za viatu wala za nywele. Leo ni zamu ya mlango wa mbele, maana siku hizi vijana wa mjini mmeingiwa na mtindo wa kutundika shada mlangoni kila majira yanapobadilika.

Mtindo wenyewe wa kuiga, lakini si mbaya. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutundika majani makavu miti yao ikianza kupukutika, na Krismasi ikikaribia huweka matawi mabichi ya misonobari. Wajapani nao, mwaka mpya ukija, husokota mabua ya mpunga yakawa pambo la mlangoni. Kila mtu anatumia kilichoota kwao. Na sisi je? Tunakwenda Kariakoo kununua duara la plastiki lenye theluji ya pamba! Theluji, Mbagala, Desemba, jua linawaka mpaka lami inanata kwenye ndala. Jamani!

Halafu kuna hili la pili. Kwetu shada la maua lina kazi yake, na sote tunajua linawekwa wapi. Shoga yangu mmoja wa Tabata alitundika la maua meupe asubuhi. Kabla ya saa sita majirani wawili walishapiga hodi, mmoja kajifunga kanga kabisa: "Poleni jamani, nani katutoka?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi. Anaishi upande wa delta, Kibiti, kule Mto Rufiji unakojigawa matawi matawi kabla ya kuingia baharini. Yeye na wenzake ni mafundi wa ukili, hawana mpinzani. Basi nikapanda gari Rangi Tatu, Mkuranga hiyo, Bungu hiyo, Kibiti nikateremka, nikamalizia na pikipiki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza: nataka mashada ishirini, wenzangu wa ofisini wameagiza. Shangazi akaweka ukili chini, akanitazama. "Mwanangu, mimi sisuki vitu vya makaburini." Akauokota ukili wake, akaendelea.

Nikachukua kijiti, nikamchorea mchangani: duara, katikati tundu. Alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Kumbe unataka kata! Si ungesema?"

Ninyi mliozaliwa bomba likiwa ndani, kata ni ile pete ya nguo au majani ambayo mama zetu huiweka kichwani ndipo wajitwishe ndoo. Basi tangu siku ile biashara yetu inaitwa kata ya mlango, na hakuna jirani anayekuja kutoa pole.

Kutengeneza si kazi ngumu. Chukua chelewa mbichi za mnazi, zile za kufagilia, mkono mmoja uliojaa. Mbichi, kwa sababu kavu zitakatika. Zikunje polepole ziwe duara la ukubwa wa sahani kubwa, ncha zipandane, kisha funga kwa kamba ya usumba kila baada ya vidole vinne. Msije mkawaza fito za mikoko. Msitu wa mikoko wa delta ni hifadhi ya serikali, na kukata bila kibali ni kesi.

Sasa zungusha ukili. Kwa duara hilo andaa kama pima mbili, bora ubaki kuliko upungue. Uvute ukaze, kila mzunguko ulalie kidogo ule uliotangulia, chelewa zisichungulie. Mwisho shona kwa shazia na uzi wa ukindu. Gundi achana nayo, joto letu litaibandua.

Kisha majira. Kipupwe, mpunga ukishavunwa, chomeka masuke machache, ila utundike juu maana kuku hawana adabu. Vuli weka ukili mwekundu, mikrismasi nayo inachanua wakati huo. Msimu wa korosho ni huohuo, lakini msitunge korosho mbichi zenye ganda, mafuta yake yanababua ngozi. Kaskazi ikivuma, ning'iniza maganda makavu ya mkrismasi pamoja na simbi, upepo ukipita utasikia muziki wa bure. Masika iteremshe uiweke ndani, penye hewa. Ukindu ukinyeshewa unaota koga.

Sasa tuje kwenye mshiko, ndipo penye maneno.

Nilipowatajia wenzangu bei, mmoja akaguna: "Mbona la plastiki ni rahisi?" Sikumjibu kwa hasira, nilimhesabia. Majani machanga ya mkindu yanafuatwa porini. Yanaanikwa, yanachanwa membamba, yanachemshwa na rangi, yanaanikwa tena. Hapo hujasuka hata shibiri. Ukili unasukwa kwa vidole, pima moja baada ya nyingine, mgongo umeinama, jikoni kuna chungu kinachungulia.

Na kuna kitu shangazi aliniambia wakati namsaidia kukunja chelewa, wala hakukitia chumvi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti yaliondoka na mpunga wake wote. Maji yalipopungua watu walipanda mlao, yaani mazao yanayofuata unyevu uliobaki ardhini mafuriko yakishuka. Lakini mlao nao unahitaji muda uive. "Miezi ile yote," akasema, "aliyeninunulia sabuni na unga ni ukili." Mikeka yake ilikwenda kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi alijua ana shida.

Kwa hiyo wapenzi, ukisimama barabarani ukakuta mama ameanika mikeka na makapu, tafadhali usimlinganishe na kiwanda cha plastiki. Kama bei inakushinda, chelewa zipo na maelekezo nimekupa, nunua ukili peke yake ukazungushe mwenyewe. Ukitaka iliyokwisha tengenezwa, lipa kazi ya mtu.

Katika wale ishirini, kumi na mmoja walilipa siku ileile, na shangazi alitumiwa hela yake kwenye simu kabla ya magharibi. Tisa bado mnanipiga chenga. Mnajijua! Kata zenu ziko chini ya meza yangu, na Ijumaa nawauzia wengine.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.