Anatomia ni Elimu ya Mikono

Mwanafunzi asiyeona mara nyingi hushauriwa, kwa upole na kwa nia njema, aiache biolojia. Huambiwa kwamba somo lenyewe ni la michoro na darubini. Mimi hufundisha anatomia chuoni, na ushauri huo siuafiki hata kidogo.

Ushahidi wangu wa kwanza umo Lindi kwenyewe. Kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, kilichimbwa na Wajerumani tangu 1909 hadi 1913. Majina yaliyovuma ni ya wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji, na fundi hodari wa kuitayarisha mifupa ya dinosaria, alikuwa Boheti bin Amrani. Ustadi wake ulikomaa shimoni, kwa kuishika mifupa, kuisafisha na kuifunga kabla haijabebwa na wapagazi hadi bandarini. Dinosaria mmoja wa huko alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Boheti alingoja hadi 2007 ndipo jina lake likatiwa katika jina la kisayansi la dinosaria mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Shukrani iliyochelewa karibu karne nzima!

Labda msomaji atasema: Boheti alikuwa na macho. Basi na amtazame Geerat Vermeij, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946 na kupofuka akiwa na miaka mitatu. Alipata shahada ya udaktari Yale mwaka 1971, akawa profesa huko California. Kwa ncha za vidole husoma makombe ya konokono wa baharini, pamoja na makovu yaliyoachwa na kaa waliojaribu kuyavunja, na kwa njia hiyo ameeleza mashindano ya mamilioni ya miaka baina ya mwindaji na mwindwa. Makombe si kitu adimu ufukweni Kilwa.

Wala mifupa si adimu. Mwalimu asiye na maabara achukue shingo ya mbuzi, aichemshe, aisafishe, kisha awape wanafunzi wote wahesabu pingili huku wamefumba macho. Watapata 7, sawa na za mtu, sawa na za twiga. Yule dinosaria wa Berlin alikuwa nazo 13. Mfupa wa paja la binadamu, au kielelezo chake cha plastiki, hufundisha zaidi: kichwa chake cha mviringo huelekea ndani, na mgongo wake umebetuka kidogo kwa mbele. Mambo hayo mawili yakishapapaswa, kidole hutambua kama ni mguu wa kulia au wa kushoto. Wanafunzi wengi wenye macho mazima hukosea hapo kwa sababu wamekariri picha.

Mitihani nayo haina budi kufuata. Mtahiniwa asitakiwe kutaja sehemu za mchoro asiouona; apewe mfupa mkononi, aulizwe ni upi, wa upande gani, na amejuaje.