Safari ya baiskeli si mbio: Tengeni siku moja ya kwenda mdogo mdogo

KAMA unaishi Nairobi na una rafiki mmoja tu anayependa baiskeli, mwaliko huu umeshauona kwenye simu: "Wasee, twende Mombasa. Siku nne tu!" Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo. Mtu anachukua kilomita 480 hivi za barabara, anagawanya kwa nne, anapata 120 kwa siku. Basi, safari imepangwa.

Hiyo si mipango, hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Ombi langu kwako wewe unayepanga safari kama hiyo, au uliyealikwa, ni moja: ongezeni siku ya tano. Na siku hiyo msiijaze kilomita. Iwe siku ya kwenda mdogo mdogo, kilomita 50 hivi, chai njiani na stori nyingi.

Najua utakachosema. Ati huo ni uvivu. Ati mlifanya mazoezi hadi Kiserian na kurudi. Sawa, lakini angalia siku ya kwanza inavyokuwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo wengi hudhani kwenda Mombasa ni kuteremka tu. Subiri ufike vilima vya Salama, jua limepanda, matrela yanakupita na upepo wake unakusukuma kando. Wenye baiskeli nyepesi za bei ya gari wako mbele. Katikati kuna wale wa kawaida. Nyuma kabisa kuna msichana aliyenunua baiskeli ya mtumba mwezi uliopita, na hakuna anayejua goti lake limeanza kuuma tangu Athi River.

Yeye mwenyewe hatasema. Ukiwa mgeni kwenye kundi linaloringa na kasi, kusema umechoka ni kama kukiri kosa. Utanyamaza, utaruka kituo cha maji ili usiwacheleweshe, kisha utaanza kuyumba kwenye barabara ambayo dereva wa lori hana nafasi ya kukukwepa. Mwishowe unaachwa kwenye mataa, na huko Salama hata mataa yenyewe hayapo.

Hapo ndipo ninapoona faida kubwa ya siku ya polepole. Miguu itapumzika, ni kweli. Ila jambo kubwa zaidi ni kwamba hiyo ndiyo siku watu husema ukweli. Mkienda taratibu mnaweza kuongea bila kuhema. Mtu anapata nafasi ya kusema breki zake hazishiki vizuri, kwamba hakulala, kwamba pesa za chakula zinaisha. Mambo haya yakijulikana Emali mezani, yanatatulika. Yakijulikana usiku kando ya barabara kuu, huo ni msiba.

Tuchukue siku ya pili ya safari hiyo, kutoka Emali hadi Makindu. Badala ya kuamka saa kumi alfajiri na kukimbizana na giza, amkeni kama watu. Kunyweni chai na chapati madondo. Ondokeni saa moja asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Mkienda kilomita 15 kwa saa, hata ukihesabu kusimama kupiga picha na kuziba pancha, mtakuwa Makindu mchana.

Na macho yako yatafanya kazi. Asubuhi isiyo na mawingu, upande wa Emali unaweza kuuona Mlima Kilimanjaro kwa mbali, theluji yake juu kabisa. Ukisonga mbele, upande wako wa kulia vinatokea vilima vya Chyulu. Mvua inayonyesha kwenye vilima hivyo huzama kwenye mawe ya volkano na kutokea chini kwenye chemchemi za Mzima, ambako sehemu ya maji ya Mombasa hutoka. Yaani kiu utakayokata ukifika Pwani ina uhusiano na vilima unavyovipita ukiwa umeinamisha kichwa, ukitazama gurudumu la mwenzako na namba kwenye Strava.

Ukifika Makindu, kuna hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka wa 1926. Chanzo chake ni watu waliokuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula hapo bila kuulizwa senti: chapati, dengu, wali, chai. Mnakula pamoja, tajiri na maskini, na hakuna sahani ya VIP. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na sigara wala pombe. Bebeni suruali ndefu au leso ya kujifunga juu ya zile kaptura zenu za kubana, pigeni simu mapema kama mko wengi, na mkimaliza wekeni mchango. Kupewa bure si ruhusa ya kuwa na mkono mgumu.

Sasa niambie, kundi linalopita hapo mbio mbio ili lifike Mtito Andei kabla ya giza limepata nini? Ukitaka kufika Mombasa haraka, treni ya SGR ipo tangu 2017 na itakufikisha kwa muda wa saa tano hivi, umekaa, umekunja miguu. Mtu akichagua baiskeli, ameshaamua kwamba njia yenyewe ndiyo safari. Mbona basi aipite kama anayekimbizwa na kanjo?

Wapo watakaoniambia wanariadha wa kweli hawapumziki. Hao waulize Tour de France inaendeshwaje. Yana hatua 21, lakini katikati kuna siku mbili za mapumziko. Na hata siku hizo waendeshaji wengi hupanda baiskeli kwa saa moja au mbili, polepole, ili miguu isikaze. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kunolewa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda mashindano hayo mara nne akifuata ratiba yenye siku hizo. Kama bingwa anatengewa nafasi ya kupumua, wewe mwenye kazi ya ofisini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa unajidai nani?

Pingamizi ninaloliheshimu ni la pesa na muda. Siku moja zaidi ni usiku mmoja zaidi wa kulala, na si kila bosi atakupa likizo. Hiyo ni kweli. Lakini jibu lake ni kufupisha njia, si kuongeza kasi. Kama mna siku nne pekee, msiende Mombasa. Nendeni Makindu na kurudi, au malizieni Voi na kurudi kwa basi. Hakuna sheria inayosema safari isiyofika baharini haihesabiki. Mtaani wataongea, lakini hao wanaoongea wako kwenye kochi.

Mkiamua kuitenga siku hiyo, ifanyeni kwa utaratibu. Kwanza, mwenye mwendo wa pole zaidi ndiye aweke kasi, na awe mbele, si nyuma. Pili, mtu mmoja mzoefu mwenye pampu na chubu za ziada akae mwisho kabisa, asimpite yeyote hata akiudhika. Tatu, polepole si kujitandaza barabarani: nendeni mmoja nyuma ya mwingine upande wa kushoto, na kama mko wengi mjigawe makundi madogo ili malori yapate nafasi ya kupita. Nne, jioni kila mtu aseme mwili wake uko vipi na baiskeli yake iko vipi, na asiwepo wa kumcheka. Anayetaka kurudi nyumbani apandishwe matatu kwa heshima zote.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi naongeza kwamba mwenda pole pia hujua majina ya alioenda nao. Kuna watu wamefika Mombasa na kundi la watu ishirini, wakapiga picha Feri, na hadi leo hawajui nani alianguka wapi.

Kwa hivyo ule ujumbe wa "siku nne tu" ukiingia tena kwenye simu yako, kabla hujajibu "niko ndani", uliza swali moja hapo hapo kundini: siku ya mdogo mdogo ni ipi? Wakikujibu haipo, pendekeza Emali hadi Makindu. Wakikucheka, tafuta kundi lingine. Barabara haihami.