Mwanasheria wa Halmashauri: Kazi Inayoanza Kabla ya Kesi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Wananchi wengi humfahamu mwanasheria wa halmashauri siku ambayo shauri limekwisha kufika mahakamani. Hata hivyo, sehemu yenye thamani zaidi ya kazi yake hufanyika kabla ya hapo, katika Kitengo cha Huduma za Sheria: kupekua mikataba, kuandaa rasimu za sheria ndogo na kumshauri Mkurugenzi Mtendaji kabla hajatia saini.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Wilaya ya Bariadi ambaye sehemu ya shamba lake la pamba imetwaliwa kwa ajili ya mradi wa halmashauri. Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia hudumu kwa miaka miwili. Fidia isipolipwa ndani ya muda huo, uthamini hufanywa upya. Aidha, fidia inayocheleweshwa kupita miezi sita huzaa riba. Kitengo cha sheria chenye daftari la tarehe kitamkumbusha Mkurugenzi mapema. Kisicho nalo kitakumbushwa na barua ya madai, na riba italipwa kutokana na fedha zile zile zinazosubiriwa na zahanati na shule.

Mwaka 2020 Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ilirekebishwa na kuzijumuisha kwa uwazi mamlaka za serikali za mitaa. Tangu hapo, anayekusudia kuishtaki halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90, na nakala yake kuipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Asipounganishwa, mwenendo mzima hubatilika.

Wapo waliodhani kuwa mabadiliko hayo yamempunguzia kazi mwanasheria wa halmashauri, kwa kuwa utetezi mahakamani sasa uko chini ya Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali iliyoanzishwa mwaka 2018. Dhana hiyo si sahihi. Wakili wa Serikali anayesimama mbele ya Jaji hutegemea jalada lililoandaliwa Bariadi: mihtasari ya vikao, taarifa ya uthamini, hati za malipo. Jalada likiwa na mapengo, hakuna ufasaha utakaoyaziba.

Siku 90 nazo zisichukuliwe kuwa za kusubiri. Ndicho kipindi ambacho kumaliza mgogoro hugharimu kidogo zaidi. Mwanasheria anayefika eneo la mgogoro na kuzungumza na mdai anaweza kubaini kuwa dai ni la haki na kushauri lilipwe.

Gharama ya kuchelewa huonekana wazi zaidi katika ngazi ya Taifa. Mwaka 2023, katika shauri la mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, Tanzania iliamriwa na baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kulipa zaidi ya Dola za Marekani milioni 109. Mwaka uliofuata pande zote zilikubaliana malipo ya Dola milioni 90. Halmashauri haibebi madai ya ukubwa huo, lakini bajeti yake nayo ni ndogo.

Liko pia suala la uhuru wa kitaaluma, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwanasheria wa ndani huajiriwa na taasisi anayoishauri, na mteja wake ni taasisi hiyo, si kiongozi aliyepo madarakani. Ushauri wa mdomo hupotea kiongozi anapohamishwa. Ushauri wa maandishi hubaki jaladani, na mkaguzi huusoma.

Kwa upande wa mwananchi, notisi iwasilishwe kwa maandishi, ieleze chanzo cha dai na nafuu inayoombwa, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa itunzwe. Siku 90 zikihojiwa mahakamani, muhuri huo ndio utakaothibitisha zilianza lini.