"Wa vitabu tu" na "ana akili": tunapima nini hasa?

Humu kambini tuna majina mawili tunayowagawia wanafunzi kama vile tunagawa sabuni. Huyu "ana akili". Yule "ni wa vitabu tu". La kwanza ni sifa, la pili ni tusi lenye adabu. Lakini sikiliza vizuri jinsi watu wanavyoyatumia hapa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo. Mara nyingi hayapimi akili hata kidogo. Yanapima Kiingereza na mdomo.

Wa vitabu tunamjua wote. Anabaki darasani wenzake wakienda mpira. Usiku anasoma kwa taa ya sola mpaka taa inakufa. Ana daftari alilonakili kwa mkono kutoka kitabu cha shule, maana kitabu chenyewe kinazunguka kwa watu wengi na zamu yake ni fupi. Maneno hana mengi. Akiwa msichana ndiyo mbaya zaidi, ataambiwa anajivuna, ataulizwa eti ataolewa na kitabu? Mwenye akili naye ni yule ambaye hakuna aliyemwona akisoma, ila anapita. Anajibu haraka, anachekesha, na wageni wakija na kamera yeye ndiye anasukumwa mbele.

Tofauti ipo, sikatai. Kuna mtu anajua kanuni ya riba yote kwa kichwa, ila mama yake akimwambia, "Mwanangu, kwenye kikundi cha akiba nimekopa shilingi laki moja, riba asilimia 5 kila mwezi kwa mkopo wote, nitarudisha ngapi baada ya miezi mitatu?" anaanza kutafuta kalamu na kuuliza ni kanuni gani itumike. Mama ambaye hakumaliza hata darasa la nne ameshapata jibu: laki moja na elfu kumi na tano. Hapo ndiyo unaona kusoma na kuelewa vimeachana njia.

Lakini kabla hujamcheka, jiulize kwa nini anakariri.

Uganda watoto wanaanza P1 hadi P3 kwa lugha ya eneo lao, P4 wanavuka kwenda Kiingereza. Huo ndio mpango. Sasa eneo letu lugha yake ni Runyankore. Mtoto wa Kikongomani anafika kwenye kuvuka bila ile lugha ya kwanza na bila ile ya pili. Halafu mwisho wa P7 anangojewa na mtihani wa PLE, masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Yote kwa Kiingereza. Na waliokuja wakubwa je? Kijana aliyefika mwaka wa tatu wa humanités kule Uvira, aliyefanya fizikia kwa Kifaransa, hapa anawekwa P6 na watoto wanaomfika kiunoni. Hesabu anaijua kumzidi mwenzake yeyote mule ndani. Swali ndilo hajui linasema nini.

Mtu kama huyo akikariri kurasa nzima za sayansi, neno kwa neno, usimwite kilaza mwenye bidii. Mlango aliuona umefungwa, akatafuta dirisha. Huo ni uamuzi wa mtu anayefikiri. Ukitaka kuhakikisha, mwulize kwa Kiswahili kwa nini maharagwe yaliyopandwa chini ya mti yanakuwa membamba na ya njano. Atakuambia habari ya mwanga na majani na chakula cha mmea bila kusita. Kwa Kiingereza angekupa ile aya ya kitabuni, kama ilivyo, na wewe ungeondoka ukisema huyu amekariri tu.

Na yule tunayemwita mwenye akili? Wengine wanazo kweli. Wengine wana Kiingereza kwa sababu walizaliwa hapahapa, au mzazi ni mkalimani, au walipita Nairobi kwanza. Hiyo ni bahati, na si dhambi kuwa na bahati. Shida inakuja akiishiamini ile sifa. Kemia ya S4 haichekeshwi. Nimewaona kadhaa wakifika pale na kuanza kuomba daftari la yule wa vitabu.

Tangu 2020 sekondari za Uganda zina mtaala mpya, na wa kwanza kufanya mtihani wa S4 kwa mtaala huo walifanya 2024. Asilimia 20 ya alama inatoka kwenye kazi za shuleni, zikiwemo miradi. Walimu wengi wanasema sasa kukariri kumekwisha, mwanafunzi aoneshe anaweza kutumia alichosoma. Mimi naupenda mpango huo, kwa kweli. Ila nimeona vikundi vinavyofanya kazi. Wa vitabu anapima, anahesabu, anaandika. Siku ya kueleza mbele ya darasa anasimama yule mwenye mdomo, na sifa inamwendea yeye. Walimu wetu, tafadhali, mwulizeni kila mmoja swali lake.

Sasa niseme na ninyi yaya zetu wa mashirika, kwa heshima. Nafasi za kwenda chuo ni chache. DAFI, ambayo Ujerumani imekuwa ikiifadhili tangu 1992, kila mtu hapa anaijua, na kwa kila nafasi kuna foleni. Zipo pia nafasi ndogondogo: mafunzo ya kompyuta, kazi ya kuhamasisha jamii, safari ya semina Kampala. Nyingi zinaamuliwa kwa mahojiano ya dakika chache, kwa Kiingereza. Nilikaa nje ya chumba kimoja cha namna hiyo, shirika silitaji, na kijana mwenye alama za juu kuliko sisi wote alitoka kabla hata hajapata joto la kiti. Tuliambiwa baadaye kwamba "hajiamini". Watatu waliochaguliwa wote ni waongeaji wazuri. Mmoja aliacha kozi mwezi wa pili.

Kama kazi ni ya kuongea na wageni, sawa, chagueni mwongeaji. Kama ni ya kusoma uuguzi au uhandisi, mpeni mtu karatasi yenye tatizo moja la kweli na dakika ishirini akiwa peke yake. Mwacheni aeleze kwanza kwa Kiswahili au Kifaransa, mkalimani yupo, mnamlipa tayari. Halafu mwulizeni kwa Kiingereza, msikie umbali uliobaki. Kiingereza kinafundishika kwa miezi.

Nanyi wadogo zangu wa P7 na S4, kesho mkimkuta amebaki darasani peke yake, ingieni mkae. Mwambieni awaeleze swali la nne.