Viza Imefutwa? Nionyesheni!

Wadau, leo nina hasira kidogo. Tarehe 12 Desemba 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuingia Kenya. Hapa Kakamega nikapiga makofi. Kisha nikafungua tovuti ya hiyo eTA iliyochukua nafasi yake.

Fomu. Picha. Pasipoti. Mahali utakapolala. Dola 30. Halafu usubiri idhini kabla ya kupanda ndege. Jamani, hiyo si viza? Kazi yangu ni kuandika programu: ukibadilisha jina la faili bila kugusa kilichomo, hujafuta kitu.

Tena Mmarekani alipunguziwa, maana viza ilikuwa dola 50. Mmalawi na Mzambia, waliokuwa wakiingia bure, ndio wakaanza kulipa! Huo ndio umoja wa Afrika tulioahidiwa?

Tulingoja hadi 2025 ndipo Waafrika wengi wakaondolewa fomu hiyo. Sawa, nashukuru. Lakini Walibya na Wasomali wakaachwa nje, eti usalama. Somalia ni jirani yetu wa mpakani, na iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Mganda anapita, Msomali anajaza fomu. Nani atanieleza?