Hewa Safi ya Nairobi, Bili Inatumwa Kitui

Wasee wa Nairobi, leo nawaongelesha kutoka Kitui na sitawabembeleza. Mnataka hewa safi. Sawa, hata mimi naitaka. Shida ni kwamba bili ya hiyo hewa mmeituma huku Ukambani bila kutuuliza, halafu mnashangaa tukinuna.

Angalia mipango yenyewe. Kaunti ya Nairobi iliandika mpango wa ubora wa hewa wa 2019 hadi 2023. Mabasi ya umeme yakaanza kubeba abiria 2022, na boda za umeme ziko kila steji. Dandora, lile jaa la taka lililotangazwa kujaa tangu 2001, bado linafuka moshi huku kila mwanasiasa akiahidi kulifunga. Nakubali, magari na taka vinachafua hewa, na lazima vishughulikiwe. Lakini huo ni moshi wa nje, ule hata mwenye gari anauona. Kuna moshi mwingine. Mama wa Mukuru amewasha jiko ndani ya chumba cha kumi kwa kumi, watoto wamelala hapo hapo, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Huo haupigwi picha siku ya uzinduzi.

Sasa uliza makaa ya hilo jiko yametoka wapi.

Mengi yametoka huku. Mchomaji anauzia broka kando ya barabara, boda inabeba gunia tatu usiku, lori linapakia, na kila kizuizi mpaka Thika kina bei yake. Likifika mtaani linapimwa kwa mkebe. Kila mtu kwa hiyo njia anakula, na aliyevuta moshi wa tanuri siku kadhaa ndiye anakula kidogo kuliko wote. Halafu yeye ndiye anaitwa adui wa mazingira.

Hatujasahau 2018. Januari, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa Kitui. Mwezi uliofuata lori la makaa likachomwa moto barabarani. Umesoma vizuri: makaa yaliteketezwa barabarani kwa jina la mazingira. Yakazuka maneno kati ya Kitui na Kiambu mpaka watu wakaanza kuongea kikabila. Februari hiyo hiyo serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji miti, eti siku 90. Zikaongezwa, zikaongezwa, mpaka Rais Ruto alipoondoa marufuku Julai 2023.

Mimi sitetei makaa. Tanuri letu la udongo linakula karibu kilo kumi za mti kukupa kilo moja au moja na nusu ya makaa. Hiyo ni hasara tupu, na nyika yetu inaonyesha. Ngilu alikuwa na haki ya kukasirika. Swali langu ni moja: baada ya kumwambia mtu aache, ulimwambia ashike nini?

Na hapa ndipo napandwa na hasira. Mwaka 2016 serikali iliondoa VAT kwa gesi ya kupikia. Vizuri sana. Halafu Julai 2021, katikati ya hiyo marufuku ya kukata miti, ikarudisha 16%. Yaani mkono mmoja unamnyang'anya mama makaa, mkono wa pili unampandishia gesi! Mwaka 2022 wakashusha hadi 8%, na 2023 wakaiondoa tena. Mpango wa Gas Yetu, mitungi ya kilo 6 kwa familia maskini, ulikwama mitungi ilipopatikana na kasoro. Sasa wewe ungekuwa yule mama ungefanya nini? Ungerudi kwa mkebe. Na mkebe ukihitajika Mukuru, mti unaanguka Mutomo. Hakuna marufuku itakayovunja hiyo hesabu.

Naijua hesabu hii vizuri. Karo yangu ya mwaka wa kwanza chuo ilitoka kwa makaa ya mjomba. Mwaka wa pili mvua ikakosa, ndengu hazikutoka kitu, na makaa nayo yakawa ni kukimbizana na askari. Nikafunga virago nikarudi nyumbani. Sisemi hivi mnionee huruma. Nasema kwa sababu kuna mtu anakaa kwa ofisi ya kiyoyozi akidhani watu wa Kitui wanachoma miti kwa ujinga. Tunachoma karo. Tunachoma bili ya hospitali.

Tuvuke hapo Makueni. Kaunti ilijenga kiwanda cha matunda Kalamba, kikaanza kusindika maembe 2017. Sisemi Makueni ni paradiso, makaa bado yanatoka kule pia. Lakini jaribu kumwambia mkulima wa Makueni akate mwembe wake achome makaa uone atakavyokufukuza. Hajasoma kitabu cha mazingira kukushinda. Ni vile mwembe unamlipa kila msimu, na mti unaolipa haukatwi.

Kwa hivyo ninyi mnaopanga hewa ya Nairobi, hizi hapa tatu:

Moja, gesi ya kupikia isiguswe na ushuru tena, hata bajeti ikibana vipi. Na mitaani iuzwe vile maskini anavyonunua kila kitu, kidogo kidogo. Anayepata mia mbili kwa siku hawezi kujaza mtungi mara moja.

Mbili, pesa zikitafutwa za hewa safi ya jiji, sehemu ije huku makaa yanakotoka. Lipeni watu wapande mukau. Ni mti wetu, unavumilia ukame, na mbao zake zina soko. Lakini unachukua miaka zaidi ya kumi, kwa hivyo mtu lazima ale akingoja.

Tatu, tangu 2009 kuna kanuni za makaa zinazotaka wachomaji wajiunge kwa vyama vilivyosajiliwa na wapewe vibali. Zifanyeni zifanye kazi, na mlete matanuri bora. Mchomaji mwenye kibali unaweza kumfundisha na kumdhibiti. Anayejificha usiku huwezi.

Kama hamtaki kulipa, basi msituambie habari ya hewa safi. Mwambieni mama wa Mukuru ukweli, kwamba mpango wenu unaanzia kwa basi la umeme na kuishia nje ya mlango wake.

Na wewe wa Kitui au Makueni unayesoma hii: mwanasiasa akija kukuomba kura 2027, usimuulize habari ya makaa. Muulize mti wako utakulipa nini ukiwa umesimama.